Fausto Coppi: Mwamba wa milima aliyeangushwa na mbu

Pale Tortona, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, timu ya soka ya Derthona inacheza mechi zake za nyumbani kwenye uwanja uliopewa jina la mtu ambaye hakupata umaarufu kwa kupiga mpira. Uwanja unaitwa Fausto Coppi. Jamaa alikuwa mwendesha baiskeli, na mjini humo humo ndiko alikofia Januari 2, 1960, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Hakufa kwa ajali ya barabarani wala uzee. Aliuawa na malaria, ugonjwa ambao madaktari waliomzunguka hawakuutambua.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, mkoa wa Alessandria. Eneo lile ni vilima vitupu: unapanda, unashuka, unakata kona, unapanda tena, huku na huku mashamba ya mizabibu na ngano. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida wenye watoto watano. Fausto mwenyewe alikuwa mwembamba, miguu mirefu, kifua kimejitokeza mbele. Ukimuona amesimama ungesema huyu hawezi kitu. Akishapanda baiskeli, habari ilikuwa nyingine.

KIJANA WA BUCHA

Shule haikumkalia sana kichwani. Alipofika miaka 13 akaiacha na kwenda kufanya kazi kwenye bucha mjini Novi Ligure. Kutoka kijijini hadi huko ni karibu kilomita 20 za kupanda na kushuka, naye alizikata kwa baiskeli. Akifika anapewa nyama awapelekee wateja, kwa baiskeli vilevile. Hakuwa na kocha wala ratiba ya mazoezi. Kazi ndiyo ilikuwa mazoezi, na vilima vile ndivyo vilivyomjenga mapafu.

Ami yake, baharia aliyeitwa pia Fausto, akamsaidia fedha za kununua baiskeli ya maana. Kisha akatokea Biagio Cavanna, mkandaji wa misuli aliyewahi kuwa bondia na ambaye alikuwa kipofu. Cavanna hakuweza kumuona dogo anavyonyonga baiskeli, lakini alimpapasa misuli na kusikiliza pumzi yake, akajua amepata mali. Tangu hapo akawa mwalimu wake: ale nini, alale saa ngapi, afanye mazoezi vipi.

Mwaka 1940 Coppi akasajiliwa na timu ya Legnano kwa kazi ya kumsaidia staa wa wakati huo, Gino Bartali, katika mashindano ya Giro d'Italia. Mapema kabisa mbwa akaingia barabarani, Bartali akaanguka na kuumia. Msaidizi akapewa nafasi, naye hakufanya ajizi. Akabeba taji akiwa na miaka 20. Siku moja tu baada ya Giro kumalizika, Juni 10, Italia ikaingia vitani.

VITA NA KAMBI YA MATEKA

Vita vilimla Coppi miaka ambayo mwanamichezo huwa kwenye ubora wake. Novemba 1942, mjini Milan, aliweka rekodi ya dunia ya kuendesha saa moja mfululizo, zaidi ya kilomita 45. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1956, alipoivunja Mfaransa Jacques Anquetil. Lakini mwaka 1943 alikuwa askari Tunisia, akatekwa na Waingereza na kukaa kambini. Aliachiwa mwaka 1945, nchi yake ikiwa magofu.

Machi 1946 ndipo Waitaliano walipojua kwamba mtu wao amerudi. Katika mbio za Milan hadi San Remo, Coppi alichomoka mapema, akaachana na kila mtu na kumaliza dakika 14 mbele ya aliyemfuata. Si sekunde, ni dakika 14. Mtazamaji angeweza kunywa kahawa, akalipa, akarudi barabarani na wa pili bado hajafika.

WATANI WA JADI

Italia ikagawanyika mara mbili. Bartali alikuwa mtu wa Toscana, mcha Mungu, kipenzi cha wahafidhina. Coppi alikuwa mkimya, mtu wa mambo mapya, anayepima chakula na kuchagua vifaa kwa makini. Ubishi wa nani mkali uliingia baa, kiwandani na hata kwenye familia, kama ilivyo kwa watani wa jadi wa soka. Hukuwa na ruhusa ya kukaa katikati.

Juni 10, 1949, Coppi alimaliza ubishi. Hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo ilikuwa kilomita 254 na milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Alichomoka kwenye mlima wa kwanza, akaenda peke yake kilomita 192. Bartali aliingia wa pili, karibu dakika 12 nyuma.

Mwezi uliofuata wote wawili walivaa jezi ya Italia kwenye Tour de France. Coppi alianguka siku za mwanzo, akapoteza zaidi ya nusu saa na kutaka kurudi nyumbani. Akabembelezwa, akabaki. Kwenye milima ya Alps alirudisha deni lote. Julai 18, siku Bartali alipotimiza miaka 35, waliongozana hadi Briançon na Coppi akamwachia mkongwe ushindi. Kesho yake akachukua jezi ya njano. Akawa mtu wa kwanza kutwaa Giro na Tour ndani ya mwaka mmoja, na mwaka 1952 akarudia tena. Kwa jumla alibeba Giro tano, Tour mbili, na mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia.

MAJONZI NA KASHFA

Nje ya barabara maisha hayakuwa matamu. Juni 1951 mdogo wake, Serse, aliyekuwa mwendesha baiskeli pia na rafiki yake wa karibu kuliko wote, alianguka karibu na mwisho wa mbio mjini Turin. Aliinuka, akamaliza, akaenda hotelini. Jioni ile akafa kwa kuvuja damu kichwani.

Halafu likaja suala la Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja, ambaye magazeti yalimbatiza Bibi Mweupe kwa sababu ya koti lake. Coppi naye alikuwa na mke na binti. Wakati huo sheria ya Italia ilihesabu uzinzi kuwa kosa la jinai. Giulia alilala mahabusu siku kadhaa, na mwaka 1955 wote wawili wakapewa kifungo cha nje. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Argentina mwaka huohuo. Waliomshangilia milimani sasa walimnyooshea kidole.

SAFARI YA MWISHO

Desemba 1959 Coppi na mastaa wengine, Anquetil na Mfaransa Raphaël Géminiani wakiwemo, walialikwa Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Walishindana Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa wengi.

Waliporudi Ulaya, wote wawili wakashikwa na homa kali. Huku kwetu mtu akitetemeka hivyo baada ya safari, jirani tu atamwambia akapime damu. Kule Italia, katikati ya majira ya baridi, madaktari walifikiria mafua makali na maambukizi ya mapafu. Ufaransa, damu ya Géminiani ilipimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini. Familia yake ikapiga simu Italia kueleza kilichogunduliwa. Madaktari wa Coppi wakashikilia la kwao. Dawa iliyomwokoa rafiki yake ilikuwepo na ilijulikana. Coppi hakupewa.

Géminiani alipona na kuishi hadi Julai 2024, akafa akiwa na miaka 99. Coppi alizikwa Castellania, ambako sasa yeye na Serse wamelala ubavu kwa ubavu. Tangu 1965 kilele kirefu kuliko vyote katika kila Giro kinaitwa Cima Coppi, na mwaka 2019, miaka 100 tangu azaliwe, kijiji kikabadilishwa jina na kuwa Castellania Coppi. Watalii wa baiskeli hufika huko kunyonga kwenye vilima vilevile vya kijana wa bucha. Wengi hushuka na kukokota baiskeli kabla ya kufika juu.