Briggs, Muuza Nguo Aliyetia Mchanga Ndani ya Spika

Kila nikikutana na wapenzi wa santuri huulizwa swali moja: je, spika kubwa za Kiingereza, zile za masanduku ya mbao yanayojaza pembe ya sebule, zafaa kununuliwa hata leo? Nami hujibu kwa kusimulia maisha ya Bwana Gilbert Briggs, maana amjuaye fundi huyu hapati taabu sana kuchagua.

Briggs alizaliwa mwaka 1890 huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, nchi ya viwanda vya sufu. Kazi iliyomlisha tangu ujana ilikuwa biashara ya nguo. Lakini alikuwa mpenzi mkubwa wa piano, na spika za zama zile zilimuudhi. Basi akaanza kujiundia zake katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Ilkley. Mwaka 1932, biashara ikiwa imezorota ulimwenguni kote, naye amekwisha kupita miaka 40, akafungua karakana akaiita Wharfedale, kwa jina la bonde la mto Wharfe alikokaa. Si haba kwa mtu wa umri ule kuacha kazi aijuayo! Mwaka uliofuata alizipeleka spika zake kwenye mashindano ya chama cha redio cha Bradford, zikatwaa zawadi ya kwanza na ya pili.

Ninalompendea zaidi ni kwamba hakuficha elimu yake. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya spika, kwa lugha nyepesi yenye mzaha, na baadaye vingine vingi. Wala hakuogopa kupimwa hadharani. Mwaka 1954 alifanya maonyesho katika Royal Festival Hall, London, pamoja na Peter Walker wa Quad, aliyeleta amplifaya. Muziki ulipigwa jukwaani na wapigaji wenyewe, kisha ukasikizwa uliorekodiwa kwa spika, watu wakalinganisha kwa masikio yao. Ukumbi ulijaa. Lau spika zingekoroma pale, jina lake lingalikufa usiku ule ule. Mwaka 1955 akafanya vivyo hivyo Carnegie Hall, New York.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe. Briggs alijua kuwa mbao nyembamba hutetemeka na kutia sauti yake katika muziki, ndiyo ile ngurumo ya pipa tupu. Dawa yake ilikuwa kuunganisha mbao mbili za plaiwudi na kujaza mchanga mkavu katikati. Tena alisifu spika iliyojengewa pembeni kwa matofali. (Nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe na chokaa, angalizipenda.)

Kwa hiyo ukitaka kununua spika kuukuu, ligonge sanduku kwa kifundo cha kidole. Likilia kama ngoma, liache. Kisha tazama ukingo wa koni. Briggs, mtu wa nguo, alizitia baadhi ya spika zake ukingo wa kitambaa; ukingo wa sponji, uliotumiwa na makampuni mengi, huoza kwa miaka. Sikiliza sauti ya mwimbaji umjuaye, na udi na kanuni, kabla ya kubabaishwa na besi. Spika ya inchi 12 au 15 aghalabu haitaki amplifaya ya nguvu nyingi, ila yataka nafasi. Katika chumba kidogo besi huyameza maneno ya wimbo.

Mwaka 1958 Briggs aliiuza kampuni kwa Rank, akastaafu 1965, akafariki 1978. Raymond Cooke, aliyekuwa fundi wake mkuu, alikwisha kuanzisha KEF mwaka 1961. Spika nyingi za Wharfedale siku hizi zaundwa Uchina. Mwaka 2019 waliifufua Linton, spika ya zamani yenye sanduku pana, pamoja na vigoda vyake, na ndani ya kila kigoda mna nafasi ya kupangia santuri.