Louis Pasteur: bingwa asiyeuamini ulimi peke yake

Mtu akifika Shimoni alfajiri, kabla mashua hazijavuka kwenda Wasini, huenda akamwona mgema akiteremka mnazini na buyu lake. Tembo analoteremka nalo ni tamu. Jua likipanda huanza kutoa povu, jioni limekwisha kuwa kali, na likizidi kulala huelekea siki. Mageuzi hayo wazee wetu waliyajua kwa ulimi tangu zamani, nasi chuoni tulifundishwa kwamba kileo ni haramu, bali siki iliyogeuka yenyewe ni halali. Lakini ni kitu gani hasa kifanyacho kazi ndani ya buyu? Jambo hilo halikubainika mpaka karne ya 19, alipotokea Mfaransa aitwaye Louis Pasteur.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, aliyepata kuwa askari wa Napoleon. Utoto wake aliupitisha Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, ambako mzabibu ni kama mnazi kwetu: watu huishi kwa huo. Alisomea kemia Paris, akapata udaktari mwaka 1847, kisha akafundisha Strasbourg na Lille. Mwaka 1849 alimwoa Bibi Marie Laurent, aliyekuwa msaidizi wake maisha yake yote.

Huko Lille ndiko alikoanza kuchunguza kuchacha kwa vinywaji. Wataalamu wengi wa zama zile waliamini kuwa kuchacha ni mambo ya kemia tupu. Pasteur akaonyesha kuwa ni kazi ya viumbe hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona.

Mwaka 1863 Mfalme Napoleon wa Tatu alimtaka achunguze maradhi ya divai, kwani divai nyingi ilikuwa ikiharibika ghalani na safarini, na wenye mashamba wakipata hasara kubwa. Pasteur akarudi Arbois, akaweka vyombo vyake katika chumba cha mkahawa, akakusanya divai kutoka ghala za marafiki zake wa utotoni. Wajuzi walionja, naye akatazama tone kwa hadubini. Iliyogeuka chungu ilikuwa na viumbe vyake, iliyochacha ilikuwa na vyake, na iliyoteleza kama mafuta vilevile. Baada ya muda aliweza kulitazama tone tu, akataja kasoro ya divai kabla haijaonjwa.

Tena alitaka kujua divai hukomaa vipi. Alitia divai mpya katika vyombo vya kioo. Vingine akavijaza pomoni na kuviziba, vingine akaviachia nafasi ya hewa. Isiyopata hewa ilibaki mbichi vile vile. Iliyopata hewa ilibadilika rangi, ikaacha mashapo, ikawa na ladha ya divai ya miaka mingi. Akatambua kwamba hewa inayopenya polepole katika mbao za pipa ndiyo huikomaza.

Na dawa ya maradhi je? Aliona kwamba divai ikipashwa moto wa kiasi cha digrii 50 hadi 60 bila kuchemka, vile viumbe hufa. Wenye biashara wakahofu kwamba moto utaiua ladha. Basi mwaka 1865 waonjaji mabingwa wa Paris wakapewa divai iliyopashwa na isiyopashwa, wakatoa hukumu zao juu ya tofauti ndogo ndogo walizoziona. Pasteur akaingiwa na shaka. Bila ya kuwaambia, akawapa bilauri mbili za divai moja, isiyo na tofauti hata chembe. Mabingwa wakaonja, na bado wakaona tofauti!

Hawakuwa waongo wale. Walitazamia tofauti, na ulimi ukawatii. Wahenga wetu walikwisha kutuonya juu ya mgema asifiwaye. Pasteur alituonyesha kwamba hata mnywaji ana lake. Ulimi ni shahidi, lakini shahidi mmoja hatoshi.

Jeshi la majini la Ufaransa nalo lilipakia divai katika meli iitwayo Jean Bart, nusu imepashwa moto na nusu haikupashwa. Baada ya miezi kumi baharini, iliyopashwa ilirudi nzima, na ile nyingine imeanza kuwa kali. Bahari ilitoa ushahidi usioweza kushawishika kwa maneno.

Katika miaka hiyo hiyo ya kazi, msiba haukumwacha. Binti yake Jeanne alifariki mwaka 1859, Camille mwaka 1865, na Cécile mwaka 1866. Mwaka 1868 yeye mwenyewe alipooza upande wa kushoto. Lakini aliyeyajua maradhi ya divai hakuacha kuuliza juu ya maradhi ya wanadamu. Mwezi Julai 1885 alimtibu mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris mwaka 1888. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Leo maziwa ya paketi yauzwayo madukani kuanzia Ukunda hadi Shimoni hupashwa moto kwa njia iliyobeba jina la Pasteur, ingawa yeye aliianza kwa divai. Mtoto wa Kiislamu anayekunywa maziwa hayo bila kuugua, na mbwa akimuuma hupelekwa hospitali kuchanjwa, anafaidi elimu iliyotoka katika mapipa ambayo sisi hatuyagusi. Elimu huchukuliwa popote ilipo, muradi ipimwe kwanza.