Élie Metchnikoff, aliyewaona askari wa mwili

Mama, mwanao akichomwa na mwiba, baada ya muda pale panavimba na kuwa pekundu. Aliyetusaidia kuelewa sababu ni Élie Metchnikoff, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo.

Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, aliwachoma kwa miiba ya waridi watoto wadogo sana wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupitisha mwanga. Asubuhi yake alikuta chembe hai zimeizunguka ile miiba. Akatambua kwamba mwili una askari wanaomeza vijidudu. Wataalamu wengi walimpinga kwa miaka. Mwaka 1888 alihamia Taasisi ya Pasteur, Paris, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Alifariki mwaka 1916.

Baadaye ilijulikana jinsi askari hao, makrofaji, wanavyoua. Chembe nyingine za kinga hutoa ishara iitwayo interferoni gama. Makrofaji wakiipokea, huongeza kimeng'enya kinachogeuza oksijeni kuwa sumu ya kuua kijidudu kilichomezwa. Ishara nyingine huwatuliza, wasije wakaudhuru mwili wenyewe.

Watoto wachache huzaliwa na kimeng'enya hicho kisichofanya kazi. Mwanao akipata majipu, matezi yenye usaha au nimonia mara kwa mara, usiyakamue majipu wala usimpe dawa ya kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya, ueleze kila ugonjwa aliowahi kuupata.