Tom Mboya na Mgomo wa Kilindini

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wengi humkumbuka kama mwanasiasa wa Nairobi. Hata hivyo, msimamo wake wa kudai haki bila silaha ulipimwa mapema katika kisiwa cha Mombasa.

Kisiwa hicho kina bandari mbili. Mashariki, kando ya Mji wa Kale, ni bandari ya majahazi. Magharibi ni Kilindini, bandari ya meli kubwa, ambako makuli waliubeba uchumi wa koloni mabegani. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kisiwani. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuzuiliwa Kabarnet kwa miaka mingi. Ilidhihirika kwamba hata asiyeshika silaha huadhibiwa.

Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma tena. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, chama cha KAU kimepigwa marufuku, na vyama vya wafanyakazi vimebaki kuwa sauti ya Waafrika. Mboya, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Alifika Mombasa akawashawishi wagomaji warudi kazini ili madai yao yaamuliwe kwa usuluhishi. Ombi hilo lilikuwa zito, kwani mgomo ndio uliokuwa nguvu yao pekee. Hatimaye walipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 33.

Ushindi huo haukuondoa utata. Serikali ilizungumza na Mboya huku vita vya Mau Mau vikiendelea misituni. Si rahisi kutenganisha uzito wa hoja zake na hofu iliyotokana na vita hivyo. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa vyama vya Afrika nzima mjini Accra. Wajumbe wa Algeria walitoka katika nchi iliyokuwa vitani tangu 1954. Mkutano uliunga mkono njia ya amani, lakini pia ukawaunga mkono waliolazimika kujibu mabavu kwa mabavu.

Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, Mboya alisimamia Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani, uliotanguliza mazungumzo kabla ya mgomo. Subira ambayo makuli waliombwa kwa ajili ya ujira wao, sasa wafanyakazi wote waliombwa kwa ajili ya taifa.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Makuli wa 1955 walizila. Swali lililobaki kwa siasa ya uhuru ni nani alikula matunda ya subira iliyofuata.