MAISHA YA TOMMY FLOWERS

Tommy Flowers alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Desemba, 1905. Baba yake alikuwa mwashi. Mchana kijana huyo alijifunza ufundi kazini, na jioni alikwenda darasani, mpaka akapata shahada ya uhandisi wa umeme. Mwaka 1926 aliingia Posta, akashughulikia mitambo ya simu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kila upande ulijitahidi kusoma siri za adui. Kazi hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1942 shule ya Allidina Visram, Mombasa, ilifanywa kituo cha kufumbua siri za Wajapani. Huko Uingereza, mahali paitwapo Bletchley Park, wataalamu walitafuta njia ya kufumbua upesi habari za majemadari wa Kijerumani, maana hesabu zake zilikuwa nyingi mno.

Flowers alitaka kuunda mashine ya kufanya hesabu hizo kwa vali, yaani vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Wengi walimpinga, kwa kuwa vali huungua. Lakini yeye alikuwa amejifunza katika mitambo ya simu kwamba vali huharibika hasa inapowashwa na kuzimwa; ikiachwa ikiwaka daima, hudumu. Basi akaendelea, hata akatoa fedha zake mwenyewe. Mashine hiyo, Colossus, ilianza kazi Februari 1944, ikiwa na vali zipatazo 1,600, ikasoma herufi 5,000 kwa sekunde.

Vita ilipokwisha, aliamriwa kuteketeza michoro yake. Akaitia tanuruni, akanyamaza. Alilipwa pauni 1,000, zisizotosha kurudisha hata alizotumia. Alipoomba mkopo benki aunde mashine kama ile, alikataliwa, kwani hawakuamini kwamba yawezekana. Naye hakuruhusiwa kusema kwamba amekwisha kuiunda. Mwaka 1946 Wamarekani walipoitangaza kompyuta yao, ENIAC, sifa zikawaendea wao. Siri ya Colossus ilianza kujulikana miaka ya 1970.

Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 87, Flowers alimaliza masomo ya mwanzo ya kompyuta katika chuo cha Hendon, akapewa cheti. Alifariki tarehe 28 Oktoba, 1998.

Aliyeunda kompyuta hakuona haya kuketi darasani kuisoma. Basi sisi wa Kamanga tuone haya ya nini kuuliza tusilolijua?