Munzihirwa, askofu wa Kasongo aliyekataa kutoroka Bukavu

Kindu, Maniema – Mwezi wa sita 1971, Rais Mobutu alipoamuru wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waingizwe jeshini kwa nguvu, padiri mmoja aliyekaribia miaka 45 alidai naye aandikishwe pamoja nao. Hakuna aliyekuwa amemwita. Hakuwa mwanafunzi, na kazi ya padiri si kushika bunduki. Aliitwa Christophe Munzihirwa. Miaka 15 baadaye alitumwa Maniema kuwa askofu, na miaka 10 baada ya hapo aliuawa kwa risasi barabarani Bukavu.

Wale wanafunzi walikuwa wakiadhibiwa kwa kukumbuka wafu wao. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa, wanajeshi wakawafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, walipotaka kuwaombolezea wenzao hadharani, serikali ilifunga chuo na kuwavalisha sare. Munzihirwa alikuwa akilea vijana hapo. Angeweza kuandika barua ya kulalamika, na labda barua hiyo ingelala kwenye droo ya ofisi fulani. Badala yake alisimama kwenye mstari pamoja na vijana, na serikali ikajikuta mbele ya aibu ambayo haikuitarajia: ukimkataa padiri huyu unakiri kwamba jeshi hilo ni adhabu, ukimkubali umemwadhibu mtu asiye na kosa mbele ya macho ya dunia.

Wakati huohuo, padiri mwingine wa shirika lilelile la Wajesuiti alikuwa gerezani Marekani. Daniel Berrigan, pamoja na ndugu yake Philip na watu wengine saba, waliingia ofisi ya kuandikisha wanajeshi huko Catonsville mwezi wa tano 1968, wakatoa mamia ya faili za vijana waliokuwa wapelekwe Vietnam, wakazichoma moto nje ya jengo, kisha wakabaki palepale kungoja polisi. Nchi ile ina desturi ndefu ya mambo kama hayo. Mwaka 1846 Henry David Thoreau alilala usiku mmoja jela kwa kukataa kulipa kodi, kwa sababu hakutaka kugharamia utumwa wala vita na Meksiko. Mwaka 1955 watu weusi wa Montgomery waliacha kupanda basi, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, Martin Luther King akiwa mbele yao, mpaka sheria ya kuwatenga kwenye viti ikaanguka. Berrigan alichoma majina ya watu wengine ili wasiende vitani. Munzihirwa aliongeza jina lake mwenyewe. Njia ni tofauti, lakini wote wawili walimwachia mwenye nguvu kazi ngumu ya kuamua atawafanya nini.

Munzihirwa alizaliwa 1926 huko Burhale, upande wa Walungu, katika Kivu ya Kusini ya leo. Alipewa upadiri 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Mwaka 1963 aliingia kwa Wajesuiti, akapelekwa Ubelgiji, Louvain, kusoma mambo ya jamii na uchumi. Alirudi nchini 1969. Kuanzia 1980 hadi 1986 alikuwa mkubwa wa Wajesuiti wa Afrika ya Kati, kazi iliyomfanya azijue vizuri Rwanda na Burundi pia. Jambo hilo lina uzito katika yaliyofuata.

Mwaka 1986 alifika Kasongo, kwanza kama msaidizi wa askofu mwenye haki ya kurithi kiti, kisha 1990 akawa askofu kamili. Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu kubwa. Ilipewa jimbo lake, na Kindu kuwa makao makuu, mwaka 1988. Kasongo ni mji wa zamani, ulikuwa makao ya Tippu Tip kabla ya Wabelgiji, na Waislamu ni wengi huko. Ni nchi ya mpunga na mihogo, na ya barabara ambazo mvua huzifunga. Kwa mtu aliyesoma uchumi Ulaya, huko ndiko alikoweza kuona kwa macho yake uchumi wa Zaire ukifa: mkulima anavuna, gari halifiki, na njia ikifunguka kunakuwa na bariere na mwanajeshi asiyelipwa mshahara anayengoja chake.

Munzihirwa aliwasema wanajeshi hao waziwazi. Hakuwa msemaji wa maneno makali kwa ajili ya kupigiwa makofi. Waliomfahamu walimwita Muzee, mtu wa maisha ya kawaida sana kwa cheo alichokuwa nacho. Lakini alishikilia kwamba bunduki ya serikali imetolewa ili kulinda raia, na anayeitumia kumnyang'anya mama kuku wake amekuwa mwizi hata kama amevaa sare. Ilikuwa miaka ambayo kusema hivyo kulikuwa na bei. Tarehe 16 mwezi wa pili 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana mikono mitupu kudai Mkutano Mkuu wa Kitaifa ufunguliwe tena, na wanajeshi wakaua makumi ya watu.

Mwaka 1993 aliombwa kuangalia pia jimbo kuu la Bukavu lililokuwa limebaki bila askofu, na mwaka uliofuata akawekwa kuwa askofu mkuu. Miezi michache tu ikapita. Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi na kuingia Kivu ya Kusini. Kati yao walikuwemo wauaji, askari walioshindwa na wakubwa wao. Walikuwemo pia, na kwa wingi zaidi, wazee, wanawake na watoto ambao hawakuua mtu.

Hapo ndipo Munzihirwa alipojitengenezea maadui pande zote. Aliita misaada, akafungua nyumba za kanisa, na akarudia kusema kwamba kosa ni la mtu na si la kabila: aliyeua ahukumiwe, asiyeua aruhusiwe kurudi kwao bila kuuawa. Watawala wapya wa Kigali hawakupenda kusikia hayo. Wapo waliomwona kuwa mtetezi wa wauaji, na lawama hiyo haijaisha hadi leo. Ni kweli kwamba kambi zilizojaa silaha karibu na mpaka zilikuwa hatari kwa Rwanda, na hakuna mahubiri yaliyoweza kuiondoa hatari hiyo. Lakini alichokuwa akiogopa kilikuja kutokea, na watu wa Maniema walikiona. Wakimbizi waliokimbia kambi za Kivu walitembea msituni mpaka Tingi-Tingi, katika eneo la Lubutu, ambako zaidi ya laki moja walikusanyika kwa njaa na kipindupindu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu 1997, siku chache tu baada ya Kindu kuchukuliwa, wanajeshi wa AFDL na wa Rwanda walifika huko, na wengi waliobaki kambini waliuawa.

Munzihirwa hakuwa hai kuyaona. Vita vilianza mwezi wa kumi 1996. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Uvira ikaanguka tarehe 24. Ilipofika zamu ya Bukavu, wakubwa wa serikali na wa jeshi walikuwa wengi wao wametoroka, na wanajeshi wa Mobutu waliobaki waliiba kabla ya kukimbia. Katika mji usio na serikali, watu walimtazama askofu. Aliandika barua za kuiomba dunia isaidie, hazikuleta kitu. Alizungumza redioni, akiwaomba wakaaji wa mji watulie, wasikimbie ovyo na wasiingiwe na chuki dhidi ya jirani.

Angeweza kuondoka. Njia ya kuelekea Walungu, nyumbani kwao, ilikuwa bado inapitika kwa waliokuwa na gari, naye alikuwa na gari.

Jioni ya tarehe 29, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa kutafuta namna ya kuwalinda raia, alisimamishwa kwenye mzunguko wa Nyawera na wanajeshi walioingia mjini. Alishuka garini, msalaba wake mkononi. Walimpiga risasi hapohapo, na waliokuwa naye wakauawa. Mwili wake ulilala barabarani usiku ule na mchana uliofuata, watu wakiogopa kutoka nje. Vijana wa seminari ya Wasaveri ndio waliothubutu kwenda kumchukua. Alizikwa mbele ya katedrali ya Bukavu, katika mji ambao bado ulikuwa na milio ya bunduki. Hakuna mahakama iliyowahi kumhukumu mtu kwa kifo chake.

Wengi hupenda kumwita Romero wa Congo, kwa jina la askofu mkuu wa El Salvador aliyeuawa altareni mwaka 1980. Ulinganisho huo unafaa kwa kifo. Kwa maisha, tendo la 1971 linaeleza zaidi: alikuwa mtu wa kwenda kusimama pale ambapo wengine wamelazimishwa kusimama.

Aliyemrithi, Monsenyeri Emmanuel Kataliko, alifika 1997 akakuta mji uleule chini ya bunduki. Safari hii walioanza kutenda walikuwa watu wenyewe. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2000, wakati RCD ikitawala Bukavu, Goma na Kindu pia, wakaaji wa Bukavu walifanya ville morte: soko likafungwa, teksi zikalala, wanafunzi wakabaki nyumbani, na hakuna aliyerusha jiwe. Tarehe 12 mwezi wa pili RCD ilimfukuza Kataliko mpaka Butembo, ikimlaumu kwa ujumbe wake wa Noeli uliokemea wageni waliokuwa wakipora mali ya nchi. Makanisa ya Kikatoliki yakasimamisha ibada kwa muda na shule zikafungwa. Ilichukua miezi saba, lakini mwezi wa tisa RCD ilimruhusu arudi, na mji mzima ulishuka barabarani kumpokea. Wiki tatu baadaye alikufa ghafla akiwa Roma. Mwili wake ulirudishwa Bukavu.