Otto Wallach: Chupa za kabatini zilizompa Nobel

Kama umewahi kushika tapentaini ya kuchanganyia rangi, harufu ile unaijua. Hutoka kwenye utomvu wa msonobari, na mtu aliyefumbua sehemu kubwa ya siri yake ni Mjerumani Otto Wallach, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1847.

Akiwa Chuo Kikuu cha Bonn, alikuta kabati la bosi wake, August Kekulé, lina chupa za mafuta ya kunukia zilizokaa miaka bila kuguswa. Akaomba azichunguze. Kekulé alimruhusu kwa kejeli, na si ajabu: mafuta hayo ni mchanganyiko mtupu, na kitu kimoja kilikuwa na majina chungu nzima.

Wallach akavitenga, akavigeuza fuwele, akalinganisha. Kumbe vingi vilivyodhaniwa tofauti vilikuwa vilevile, vyenye kaboni 10 na hidrojeni 16. Mojawapo ni pinini ya msonobari, ambayo imo pia kwenye mafuta ya ubani, huu huu tunaofukiza majumbani.

Kazi hiyo, ya zaidi ya miaka 25, ilimpa Nobel ya Kemia mwaka 1910. Hakuoa. Alifariki Göttingen mwaka 1931, akiwa na miaka 83.